Saa Iliyoniambia Naumwa

Shangazi Nieves wa redioni, mpendwa mshauri wetu,

Naomba msaada, na naomba barua hii uisome na jina langu ulitaje, maana wengi wanaokuandikia wanataka wafichwe, mimi sina cha kuficha, naitwa Leocadia Ticona, nauza viazi na chuño, vile viazi vikavu, sokoni hapa El Alto juu milimani, safu ya pili ukitokea upande wa wauza nyama, na kama hujawahi kununua kwangu basi umekula viazi vibaya miaka yote hii, samahani kwa kuanza hivyo lakini ndivyo nilivyo, na redio yetu inakaa juu ya gunia na safu nzima tunakusikiliza ukiwagombeza watu.

Nina miaka hamsini na minne na ninakimbia. Kila mwaka chama chetu cha wafanyabiashara kikifikisha siku yake ya kuzaliwa, sisi wanawake tunashindana mbio, tumevaa pollera zetu, sketi zote na za ndani zake, kofia kichwani, na mgongoni mzigo wa viazi ndani ya mbeleko, kutoka geti la soko mpaka kule juu kwenye tangi la maji na kurudi, na miaka miwili mfululizo nimeshinda mimi, Shangazi, mwaka jana niliwaacha wauza nyama mbali mpaka wakasema nimedanganya, eti mbeleko yangu nimeijaza chuño badala ya viazi vibichi, maana chuño kikishagandishwa na kukaushwa kinakuwa chepesi kama pamba, basi mwamuzi akanifungulia mbeleko mbele ya watu wote, viazi vikamwagika chini, vibichi, vikubwa, vimejaa udongo, na mimi nikaviokota kimoja kimoja polepole ili kila mtu apate nafasi ya kuviona.

Sasa tatizo. Nina binti mmoja, Rosmery, anaishi Santa Cruz kule chini kwenye joto, anafanya kazi duka la dawa, ni mtoto mzuri sana na najivunia, na siku yangu ya kuzaliwa akanitumia saa janja kwa basi, ameizungushia taulo isivunjike, ina mkanda wa rangi ya waridi, inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inapima usingizi, inapima na oksijeni ya kwenye damu, na kila inachopima kinamfikia Rosmery kwenye simu yake, mwenyewe aliniambia, "Mama, hivi ni kama niko na wewe." Nililia kidogo. Siku zile za kwanza nilikuwa napima viazi vya wateja huku mkono nimeuinua juu bila sababu ili waione.

Basi nikaanza mazoezi ya mbio nayo, mzigo mgongoni, na wewe unajua mbeleko inavyobebwa, mikono yote miwili inashika fundo hapa kifuani, haichezi, nikapanda kilima hadi karibu na tangi, jasho linanitoka, na saa ikatetemeka nikadhani inanisifu, kumbe imeandika, "Umekaa muda mrefu. Simama, unyooshe miguu." Benita, mwenzangu wa safu ambaye hufanya mazoezi na mimi, alicheka mpaka akatua mzigo.

"Doña Leo, saa yako inakuona mvivu," akasema.

"Imezoea watu wa ofisini," nikamwambia.

"Basi iajiri."

Hilo lilikuwa la kuchekesha na tukacheka wiki nzima. Lisilochekesha ni simu ya Rosmery, alinipigia nikiwa na mteja, sauti imebadilika, akaniuliza kama nimekaa, nikasema nimesimama, akasema kaa.

"Mama, oksijeni yako ni themanini na saba."

"Ni nzuri?"

"Mama, hapa kwetu mtu akija na themanini na saba hatumuuzii dawa, tunamwitia gari la wagonjwa."

"Mimi nauza viazi hapa, Rosmery, mbona nimesimama vizuri?"

"Ndivyo inavyoanza," akasema.

Toka siku hiyo ananipigia asubuhi na jioni, nimelalaje, midomo yangu ina rangi gani, nipumzike, nisipande kilima, nisibebe, na mimi namjibu sawa mwanangu halafu naenda kubeba, ila nikawa nimeanza kutazama rangi ya midomo yangu kwenye kioo cha sanduku la barafu la jirani.

Halafu mume wangu akaharibu zaidi. Fructuoso anacheza morenada, ile ngoma ya sikukuu zetu, kundi lao liko kwenye mazoezi ya sikukuu, na jioni moja akaniomba saa akawaringie wenzake, nikampa, kosa gani hapo, ni mume wangu. Sasa yeye anashika matraca, lile kayamba la kuzungusha, analizungusha kwa mkono uleule wenye saa, jioni nzima, na bia mbili tatu kwa sababu mazoezi bila bia kwao si mazoezi, na akarudi nyumbani anang'aa, anasema, "Mama Rosmery, nimepongezwa," ananionyesha kioo cha saa kina fataki na neno hongera, eti amekimbia kutoka hapa hadi karibu ziwani. Hata kuinua goti vizuri hawezi, Shangazi. Kesho yake Rosmery akapiga kabla hata sijawasha jiko.

"Mama, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namenya maharage."

"Saa inasema ulikimbia jioni nzima na moyo wako ulikuwa juu sana."

"Saa ilikuwa mkononi kwa baba yako."

"Baba naye anakimbia?"

"Baba yako alikuwa anacheza."

"Mama, usinifiche ugonjwa kwa kumsingizia baba."

Na Fructuoso kule kitandani anapaza sauti, "Mwambie nimepewa hongera," na Rosmery akaanza kulia, analia kweli, mtoto wangu huyu ambaye hata alipovunjika mkono hakulia, akasema ameshakata tiketi ya ndege, anafika Jumamosi hii, na Jumatatu nashuka naye Santa Cruz nikaishi kwake, chumba kiko tayari na feni imefungwa, "Huko chini oksijeni imejaa, mama, utaivuta bure tu," na mbio ni Jumapili hiyohiyo katikati, Shangazi, akasema nisithubutu.

Ningekuwa yuleyule Leocadia wa mwaka jana ningecheka. Lakini Jumanne iliyopita nilikuwa napanda kilima na Benita, sijachoka, hakuna kinachouma, pumzi yangu ni ileile ninayoijua, na nikatazama mkono, nikaona ile namba, na miguu yangu ikaacha kupanda, nikakaa kwenye ukingo wa barabara na viazi vyangu mgongoni, mimi, katikati ya kilima changu, na muuza nyama mmoja akapita akanisalimia kwa adabu sana. Benita hakunitania. Alikaa tu pembeni yangu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nikaenda kwenye gulio la Jumapili iliyopita kwa Don Abdón anayeuza saa na redio, nikamwambia hii inanitisha, nipe nyingine, akanitandikia tatu, moja inapima yote kama ya Rosmery na tena inapima na huzuni, ya pili haina mambo ya oksijeni ila inaongea na setilaiti na ina vitufe kama redio ya zamani, ya tatu ni mkanda mtupu hauna hata kioo, akaniuliza, "Doña, kwani wewe unataka ikuambie nini?" nikaondoka bila kununua, mimi ambaye sijawahi kushindwa kumjibu mtu sokoni.

Nichague ipi, Shangazi? Au niivue nikae bila? Nikimbie Jumapili au nikunje mbeleko nifuatane na mwanangu, kama kweli naumwa na mimi tu ndiye sijui?

Ni mimi,
Leocadia Ticona, bingwa, mpaka sasa.

*

SHANGAZI NIEVES ANAJIBU

Doña Leocadia, mdogo wangu, nimeisoma barua yako hewani pamoja na jina lako kama ulivyotaka, na sijafika hata kwenye saa simu ya studio ikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa muuza nyama, anataka mizigo ifunguliwe na ipimwe tena mwaka huu. Nimemwambia ipimwe, hasa ya kwao.

Tuanze na hiyo themanini na saba, kwa sababu ndiyo iliyokukalisha chini. Kabla ya redio nilikuwa nesi hapahapa El Alto, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kubana watu vidole kwa kile kibanio cha kupimia oksijeni. Mtu wa hapa juu, aliyezaliwa hapa, anayekula, anayelala, anayebeba gunia na kugombana na wateja, namba yake ikiwa hapo nilikuwa namwambia avae soksi aende nyumbani. Namba hiyohiyo ukiikuta Santa Cruz, basi hilo gari la wagonjwa liitwe haraka. Rosmery hajakosea kuhusu namba, amekosea mahali. Hewa yetu ni nyembamba, na damu yako imezoea kufanya kazi na hewa hiyo tangu uko tumboni kwa mama yako, na mama yako vilevile. Nani angeweza kupanda hadi kwenye lile tangi na viazi mgongoni, na sketi zote hizo, kama damu yake si nzima? Mlete huyo mtu wa chini mwenye tisini na tisa yake tumpe mbeleko, tuone atafika wapi.

Nimeshakusifu, sasa nikugombeze kidogo, maana umelitafuta.

Kwanza, saa ya afya si kofia, haiazimwi. Umempa Fructuoso mkono wako akauzungusha kwenye morenada pamoja na bia, halafu unashangaa binti yako analia? Yeye kule hakuona matraca. Aliona moyo wa mama yake. Fructuoso kama unanisikia, hongera yako irudishe.

Pili, Leocadia, umeandika barua ndefu yenye bingwa, kilima, saa tatu na midomo kwenye kioo cha barafu, na hakuna mahali hata pamoja umeandika kwamba ulikwenda zahanati. Hamsini na minne, unakimbia na mzigo mlimani, mara ya mwisho daktari alikupima lini? Usinijibu, najua. Alhamisi unafunga meza mapema unakwenda. Umtafute daktari wa hapa juu anayejua watu wa hapa juu. Akusikilize moyo, apime presha, atazame na damu isije ikawa nzito kupita kiasi, maana hilo nalo lipo kwetu na nimeliona: kichwa kinauma kila siku, masikio yanavuma, uso na midomo vinageuka zambarau, miguu inavimba, pumzi inakata hata ukiwa umekaa. Ukiona mojawapo, au kifua kikabana, usiitazame saa na usiniandikie mimi, nenda hospitali. Na daktari akisema usikimbie, hukimbii, na mimi nitakwambia hivyohivyo hewani wauza nyama wote wakisikia. Akisema uko mzima, mwombe amwambie Rosmery kwa mdomo wake mwenyewe. Wote ni watu wa dawa, wataelewana.

Sasa saa. Don Abdón alikuuliza swali zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa mwezi huu, na wewe ukamkimbia. Unataka ikuambie nini? Mimi nitakujibia. Wewe ni mkimbiaji. Unataka kujua umekwenda umbali gani, kwa kasi gani, na moyo wako ulikuwa unapigaje ukifika kwenye tangi. Basi. Chukua ya pili.

Nakwambia kwa nini. Hii ya waridi inahesabu kwa kutikisika kwa mkono. Wewe ukibeba mbeleko mikono haichezi, kwa hiyo inakuona umekaa, na mumeo akichezesha kayamba inamwona anakimbia. Ya setilaiti inapima ardhi uliyopita, haijali mikono yako iko wapi. Moyo nao usiupime mkononi unapokimbia, hasa alfajiri zetu hizi, kwa sababu baridi ikikaza damu inakimbia kutoka kwenye ngozi na ile taa ndogo ya saa haioni vizuri. Mwambie Don Abdón akupe na mkanda wa kifuani unaoongea na saa hiyo. Uloweshe kidogo, ufunge chini ya blauzi, ubane vizuri, hakuna atakayeuona.

Vitufe ni vizuri, usiviite vya zamani. Kioo cha kupapasa hakikubali vidole vyenye udongo wa viazi wala glavu. Hakikisha tarakimu ni kubwa, usinidanganye kuhusu macho yako, na uitoe nje juani kabla ya kulipa uone kama inasomeka, maana jua letu linafuta vioo. Chaji ikae wiki nzima, kwa sababu nakujua, hutakumbuka. Iwe haiingii maji, kwa ajili ya mvua ya mawe na kuosha viazi. Mkanda wake uwe wa kuosheka. Na akianza kukuhadithia ile inayopima huzuni, mwambie hiyo utapimwa na Benita bila malipo.

Kwa afya ya kila siku huhitaji mengi. Asubuhi ukiamka, kabla hujashusha miguu kitandani, tazama mapigo ya moyo. Baada ya wiki chache utaijua namba yako, yako wewe, si ya Rosmery wala ya aliyeitengeneza saa ambaye huenda hajawahi kupanda juu ya ghorofa ya tatu. Ikipanda ghafla na kukaa juu siku kadhaa, pumzika, na ikiendelea rudi kwa daktari. Habari za usingizi zisikilize kama unavyosikiliza umbea wa sokoni, usiziapie. Hatua zipuuze kabisa mpaka saa ijifunze mbeleko ni nini.

Ila usiitupe ya waridi. Mtoto aliyeizungushia taulo alikuwa anakufunika wewe, umeelewa? Hakuwa anakuchunga kama mbuzi. Yuko mbali, anaogopa, na ameshika kitu kimoja tu kinachomletea habari zako. Kwa hiyo mweleze kwa upole kwamba kilichomo mwilini mwako unaamua wewe nani akione, na kwamba kuanzia sasa habari zako atazipata kwako, kila asubuhi, kwa simu, kwa sauti, na ukweli. Ukiwa umechoka unasema umechoka. Tabia hiyo ya kujibu sawa mwanangu halafu unaenda kubeba iishe leo. Ndiyo iliyomfanya aiamini saa kuliko mama yake.

Na kuhusu kushuka Santa Cruz: ukitaka kwenda kumtembelea, nenda, kula embe, kaa chini ya feni, rudi. Kuhama kwa sababu ya namba ambayo ni ya kwenu tangu enzi za bibi zenu, hapana. Kule chini nani atajua wewe ni bingwa?

Jumapili, kama daktari amekuruhusu, funga mbeleko yako, viazi vibichi, vikubwa, na fundo likae kifuani. Ukifika pale kwenye ukingo ulipokaa Jumanne, usiangalie mkono. Angalia mgongo wa muuza nyama aliye mbele yako, halafu mpite, usiuone tena.

Lakini kabla ya Jumapili kuna Jumamosi, na hapa nisikilize vizuri. Nenda mwenyewe kumpokea Rosmery uwanja wa ndege. Chukua chupa ya chai ya majani ya koka, ile tunayowapa wageni wakishikwa na kizunguzungu cha hapa juu. Amekaa chini miaka mingi, atatoka mlangoni anatabasamu, na kabla hamjafika kwenye teksi atakuwa anahema na kushika kichwa. Sanduku lake lichukue wewe, ulitie kwenye mbeleko, utangulie, usimwambie chochote. Akishakaa kwenye kiti na amepiga mafunda mawili ya chai, vua hiyo saa ya waridi, umfunge yeye mkononi, taratibu, kama ulivyokuwa ukimfunga viatu. Subiri isome. Sitashangaa namba yake ikiwa chini ya yako. Mwache aione mwenyewe, usicheke, hata kama Fructuoso anacheka. Akiinua macho kukutazama, amepauka na ameogopa kama ulivyoogopa wewe pale kilimani, mshike huo mkono wenye saa umwambie, "Huumwi, mwanangu. Umefika nyumbani."